JAMAA ALITAKA KUMALIZIA KIINUA MGONGO KWENYE MTAMBO WA BIA, MAMA MKWE AKAMUULIZA MASWALI MATANO TU

Kuna jamaa mmoja wa Tabata, jina kapuni, alikuwa mtu wa kaunta kwenye hoteli moja ya mjini kwa miaka sita. Mkataba ulipoisha hawakumuongezea. Wakampa barua ya shukrani na chake mkononi, milioni tatu na laki moja. Ana mke, ana mtoto wa miaka minne, na wanaishi vyumba viwili vya kupanga ambavyo kodi yake ilikuwa imebakiza wiki tano iishe.

Mwingine hapo angefungua genge. Mwingine angetafuta bodaboda ya mkataba. Huyu akataka kupika bia.

Siyo gongo jamani, tuelewane hapo mapema. Gongo inakenekwa, na kuikeneka bila kibali ni kesi. Siyo wanzuki wala komoni. Ni bia kabisa, ya kimea na hopsi, yenye povu na rangi ya dhahabu. Pale kaunta aliwahi kuhudumia wageni waliomwambia kwamba kwao mtu anapika bia jikoni kwake Jumamosi kama huku watu wanavyopika maandazi. Na ni kweli. Uingereza waliondoa sharti la leseni kwa anayepika bia ya kunywa nyumbani mwaka 1963, na Marekani sheria ya kuruhusu ilisainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Tangu hapo watu wa huko wamejaza video mtandaoni, na jamaa akiwa hana kazi, ana simu na bando la usiku, akazama humo mazima.

Wiki ya tatu akawa ameshaupata mtoto wa ndoto zake. Mtambo wa chuma kisichoshika kutu, lita 30, una koki, una pampu, una kioo cha kubonyeza kinachoonyesha joto. Dola 650. Ukiweka usafiri na ushuru inakaribia milioni mbili na nusu. Akamwonyesha mke wake picha kitandani usiku.

Mke akaangalia, akarudisha simu, akageukia ukutani.

Jamaa akajua ni mambo ya hela. Ana haki ya kudhani hivyo, kodi ilikuwa inanyemelea. Lakini haikuwa hela peke yake, na ingechukua siku nne kabla hajalijua hilo.

MAMA MKWE ANATUA

Mama mkwe alishuka kutoka Rombo kuja kuangaliwa macho hospitali. Amekuja na ndizi, maparachichi na kilo mbili za unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mjukuu. Siku ya pili jioni, jamaa amekaa sebuleni na daftari lake, anachora mtambo na kupiga mahesabu, mama akauliza, "Baba Junior, hiyo ni ramani ya nyumba?"

Wakwe mnajua ilivyo. Kuongea habari za pombe mbele ya mama mkwe ni mtihani. Jamaa akajing'atang'ata, mwisho akasema, "Hapana mama, ni mashine. Ya kupikia... vinywaji."

"Vinywaji gani?"

"Bia, mama."

Jamaa alitegemea kusemwa. Mama akavuta kiti, akavaa miwani yake, akaomba aonyeshwe hiyo picha vizuri. Akaiangalia kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwenzake. Kule jikoni sauti ya vyombo ikakatika ghafla.

Hapo ndipo jamaa, baada ya miaka mitano ya ndoa, alipopata habari kwamba mama mkwe wake alipika mbege ya kuuza kwa miaka kumi na tisa. Mke alikuwa amemwambia mama ni mkulima.

Akaulizwa maswali matano. Kwa yeyote anayefikiria kuanza kupika bia nyumbani, hayo matano yana thamani kuliko video mia.

SWALI LA KWANZA: "UNAPIKIA WATU WANGAPI?"

Jamaa akasema lita 30 kwa mpigo. Mama akacheka. "Hujawahi kupika hata sufuria moja, unaanza na ya harusi?"

Hapa wengi wanapigwa. Video nyingi zinapika lita 20 na kitu kwa sababu ndoo za huko zimekuja hivyo. Ukipika lita 20 unahitaji sufuria la lita 30, maana likianza kuchemka linafoka na kumwagika. Jiko la gesi la plate mbili la nyumbani litahangaika saa nzima halijachemsha. Ukipika lita 10, sufuria la lita 15 linatosha, na nyumba nyingi tayari zina la pilau la ukubwa huo. Lita 10 zinakupa chupa ishirini za nusu lita, ukitoa machicha yanayobaki chini ni kama kumi na nane. Kwa mtu anayejifunza ni nyingi. Zikiharibika, umemwaga lita 10, hujamwaga 30.

Halafu kuna umeme. Mtambo ule ulikuwa wa soko la Marekani, volti 110. Huku umeme ni volti 230. Ukichomeka hivi hivi, umenunua chuma chakavu cha dola 650. Ukipata wa volti 230 nao unakula wati 2,000 na zaidi, na kupika bia kwa mtambo kama huo ni kazi ya saa nne, tano. Hizo ni uniti kama kumi za LUKU kila unapopika. Mama hakuwa anajua volti. Aliuliza tu, "Na umeme ukikatika ikiwa katikati?" Jamaa akaandika kwenye daftari.

SWALI LA PILI: "HICHO CHOMBO KILIBEBA NINI?"

Jamaa kwa kujitetea akasema basi ataacha mtambo, kuna pipa la plastiki la bluu ameliona linauzwa bei chee. Mama akavua miwani. Akasimulia kwamba kijijini kuna jirani yake alinunua pipa zuri mnadani, akaliosha, akapikia. Kumbe lilikuwa limebeba dawa ya kupulizia kahawa. Watu walitapika usiku kucha, na yule mama hakuuza tena mbege maisha yake yote.

"Pipa usilolijua lilikotoka usilinunue hata wakikupa bure," akasema.

Hii ni kanuni ya kuibandika ukutani. Plastiki inanyonya. Iliyobeba kemikali au rangi haiji kuwa safi, uoshe usioshe. Iliyobeba achari itakupa bia yenye harufu ya achari. Nunua ndoo mpya ya kuwekea chakula, ile yenye alama ya glasi na uma chini yake, na hakikisha kifuniko kinabana. Bati lenye zinki, kama ndoo za zamani za kuchotea maji, achana nalo, maana kinywaji kinachochacha kina uchachu unaoyeyusha ile zinki. Sufuria la alumini la kuchemshia halina shida, la chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu.

Na kuuliza kitu kimetoka wapi hakuishii kwenye chombo. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa ajili ya msiba. Mwanzo ilivuma kwamba ni nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima wakakuta ni sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi uliotumika kupikia. Unga ulioharibika. Pombe ilipikwa kama inavyopikwa siku zote, ila malighafi ilikuwa mbovu.

Kuhusu kifuniko, mama alikuwa na lake. Mbege yeye alikuwa anaifunika kwa majani ya mgomba na kitambaa, inatosha, kwa sababu ikishachanganywa na ulezi inanyweka ndani ya siku moja au mbili na imeisha. Akauliza, "Yenu inakaa siku ngapi?" Jamaa akasema wiki mbili kwenye ndoo, na mbili nyingine kwenye chupa. "Basi hiyo ifunike kama unafunika maiti," mama akasema. Maana yake ni hii: hamira ikifanya kazi inatoa gesi, gesi lazima itoke, lakini hewa ya nje, vumbi na nzi wasiingie. Unatoboa kifuniko tundu dogo, unapitisha mpira mwembamba wa kubana, upande wa pili unauzamisha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka ikibwabwaja, hewa hairudi. Madukani ughaibuni wanauza kidude maalumu cha kazi hiyo. Mpira na chupa ya maji vinafanya kazi ile ile.

SWALI LA TATU: "UTAKIOSHAJE?"

Hapa mama alirudi kwenye picha ya mtambo. Akaweka kidole kwenye pampu, kwenye bomba, kwenye koki. "Humu ndani mkono wako unafika?"

Haufiki.

"Chombo ambacho mkono haufiki, hukioshi. Unakidanganya."

Kila aliyewahi kuharibu bia atakwambia hivyo hivyo. Ukishachemsha na ukaanza kupoza, kuanzia hapo kila kinachogusa kile kinywaji lazima kiwe safi mara mbili: kwanza kioshwe kwa sabuni hadi uchafu utoke, halafu kiuliwe vijidudu. Ukipaka dawa juu ya uchafu umefanya bure. Tumia sponji laini, maana steelwire inachana plastiki na kwenye ile mikwaruzo ndiko vijidudu vinapanga chumba. Dawa ya klorini isiyo na manukato inafaa, ila isuuze vizuri kwa maji yaliyochemshwa, na usije ukaichanganya na siki, moshi wake ni sumu. Koki ndiyo hatari kuliko vyote. Kama chombo chako kina koki, ifungue vipande vipande kila unapoosha. Kama haifunguki, usiitumie.

SWALI LA NNE: "ITALALA WAPI?"

Mama aliuliza hili huku anajipepea na kanga. Ilikuwa mwezi wa pili, na Dar mwezi wa pili haihitaji maelezo.

Wale wa kwenye video wana gereji baridi, wana vyumba chini ya nyumba. Wao shida yao mara nyingi ni kuipasha joto. Hamira nyingi za bia za kawaida zinapenda nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha Tabata mchana kinagonga 31, na hamira ikiwa kazini inajiongezea joto lake yenyewe. Ikizidiwa na joto haifi, inakasirika. Inatoa harufu kali.

Kwa hiyo kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa, kifaa cha kwanza kwenye bajeti ni cha kupoza. Friji la zamani ni zuri ukilipata. Kama huna, kuna njia ya beseni: weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, ivike fulana au taulo bichi linaloning'inia hadi kwenye maji, na kila asubuhi na jioni tumbukiza kwenye beseni chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Ukiwa na kipimajoto utaona inashuka nyuzi kadhaa. Na kuna njia ya tatu, kuchagua hamira inayovumilia joto. Kuna moja ya mashambani Norwei inaitwa kveik, hiyo inafanya kazi safi hata kwenye nyuzi 35.

Mama akasema Rombo wanaweka tu chumba cha ndani. Baridi ni bure kule.

SWALI LA TANO: "NANI ATAKUJA KUINYWA?"

Jamaa akafurahi, hili alikuwa na jibu lake. Akasema marafiki wa hotelini, vijana wa mtaani, wikiendi wanakuja pale uani, anaweka viti, anaweka muziki, taratibu mchongo unakua.

Mke akatoka jikoni. Mikono ina povu la sabuni.

Akasema, "Hapana."

Halafu yakatoka ambayo hakuwahi kuyasema. Kwamba alikuwa na miaka kumi na moja alipoanza kugawa mbege uani kwao, kata kwa kata, baada ya shule. Kwamba shuleni walimwita mtoto wa kilabuni. Kwamba kulikuwa na wateja wanaume wazima waliokuwa wakipokea kata wanashika na mkono, hawauachii. Wengine walikuwa marafiki wa marehemu baba yake.

Mama akasema taratibu, "Mbege ndiyo iliyokupeleka shule, mwanangu. Wewe na wenzako watatu."

"Najua mama. Nakushukuru. Na ndiyo iliyokuwa inanifanya usiku nasogeza kitanda nakiegesha mlangoni."

Hakuna aliyeongea. Mtoto akaja kuomba maji, akapewa. Mama alikuwa anaangalia daftari la mkwewe lakini hakuwa anasoma. Baadaye sana akasema, "Mlango ule ningeuwekea komeo. Hukuniambia."

"Ungeniambia niache kugawa. Halafu nani angegawa?"

Jamaa alikaa pale na kalamu yake mkononi. Alidhani anachagua vifaa.

KILICHONUNULIWA

Siku ya tatu yake walikaa wawili wakapanga hela. Milioni moja na laki mbili ikaenda kodi ya miezi sita, siku hiyo hiyo, kabla shetani hajapita. Milioni moja ikawekwa benki kwa jina la mke, ya kuongezea mtaji wa saluni anayofanyia kazi kwa mtu ili siku moja awe na yake. Mtambo ukafutwa. Jamaa akaruhusiwa laki tatu za kujifunzia, zilizobaki ni za kula wakati anatafuta kazi.

Alitumia laki mbili na sitini, kwa mpangilio huu:

Ndoo mbili mpya za lita 20 zenye vifuniko, Kariakoo, 18,000. Moja ya kuchachushia, moja ya kuhamishia wakati wa kujaza chupa.

Mpira mwembamba mita mbili, 3,000. Nusu ya kutolea gesi, nusu ya kuhamishia kinywaji bila kukimwaga.

Kipimajoto cha jikoni, 15,000.

Mwiko mrefu, 3,000. Beseni kubwa, 12,000. Dawa ya klorini, 4,000.

Haidromita, pakiti tatu za hamira na hopsi, aliagiza nje, 95,000 pamoja na usafiri.

Makopo mawili ya sharubati nzito ya kimea, kilo moja na nusu kila moja, binamu yake alikuja nayo akitokea Afrika Kusini, 110,000.

Sufuria la pilau, lilikuwepo. Chupa hakununua. Aliokota za plastiki za soda kwenye sherehe ya jirani, akaziosha.

Angalia alivyofanya: vitu vizito kanunua hapa hapa, vyepesi ndiyo kaagiza. Hamira ya kupikia lita 20 ina gramu 11 tu, hopsi za kuchemshia lita 10 zinaenea kwenye kiganja. Hivyo usafiri wake haukuumizi. Ukiagiza ndoo kutoka ng'ambo unalipia hewa iliyomo ndani yake.

Haidromita ndiyo kifaa pekee cha kitaalamu ambacho mwanzo usiache kununua. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Kinywaji kikiwa na sukari nyingi kinaelea juu, hamira inavyokula sukari kinazama. Jamaa alianza kwenye 1.045 na kuishia 1.010. Namba ikiwa ile ile siku tatu mfululizo, imeiva, unaweza kujaza chupa. Ukijaza kabla haijaisha, gesi itaendelea kujikusanya humo ndani, na chupa ya kioo ikipasuka ni bomu. Ndiyo maana chupa za plastiki za soda ni rafiki wa anayeanza. Unaweka gramu tatu za sukari kwa kila nusu lita, hiyo ni chini kidogo ya kijiko cha chai, unafunga, unaacha. Ukiiminya ikawa ngumu kama soda mpya, gesi imetosha, peleka kwenye friji.

Kabla hajaondoka, mama aliomba aonje hopsi. Akatafuna kipande, akakunja uso, akacheka. "Huu ndio msesewe wenu." Msesewe ni gome la mti ambalo Wachaga wanalitumia kuipa mbege uchungu. Akasema tofauti ni bei tu.

YA KWANZA ILIMWAGWA

Mama alipopanda basi kurudi Rombo, jamaa akajisahau. Kulikuwa na chombo cha maji chenye koki pale sebuleni, kizuri, kinaonekana ndani. Akaona mbona hiki kina raha, nitakuwa naona inavyochacha. Akachemsha kimea na hopsi saa moja, akapoza sufuria kwenye beseni la barafu, akamimina humo. Beseni la kupozea chombo akaona usumbufu, akakiweka karibu na dirisha.

Siku ya kumi mke alirudi kutoka saluni, akasimama mlangoni. "Nani kamwaga dawa ya kutolea rangi ya kucha?"

Hakuna aliyemwaga. Ilikuwa ni bia. Joto lilikuwa limeiharibu, na koki ilipofunguliwa ikakutwa na utelezi wa miezi ndani yake. Lita kumi zikaenda chooni. Kwa makadirio alipoteza elfu themanini, akakaa kimya siku mbili. Kama ungekuwa ule mtambo, angepoteza lita 30 na pampu chafu juu.

Ya pili alifuata maswali yote matano. Ndoo, kifuniko, mpira kwenye chupa ya maji, beseni, taulo bichi, barafu asubuhi na jioni. Kipimajoto kikawa kinacheza kwenye 22 na 23. Usiku wa manane alikuwa anaamka kusikiliza inavyobwabwaja. Mke akamwambia hata Junior hakuwahi kuamkiwa hivyo.

Ilitoka chupa kumi na saba. Ilikuwa na ukungu kidogo, povu linakatika haraka, lakini ni bia. Mke alionja glasi moja, akasema ni nzuri, akaongeza nusu. Chupa mbili zikasafiri na basi kwenda Rombo zikiwa zimezungushiwa nguo. Mama alipiga simu akasema ni nyepesi, haina chakula ndani yake kama mbege, ila mkono ni msafi. Kwa mpishi wa miaka kumi na tisa, hiyo ni sifa kubwa.

SASA KIMEBAKI KIMOJA

Vijana wa mtaani wameshasikia. Wawili wamekuja na hela mkononi wanataka kununua. Jamaa anasema afuate taratibu, atafute leseni ya vileo, aende TRA na TBS, apange fremu mbali na nyumbani, auze kihalali. Mke anasema pika ya kunywa, ya kuuza siyo kwa hela yangu wala jina langu. Jamaa anasema fremu siyo uani, hakuna mtoto atakayegawa. Mke anasema leo ni fremu, ukikosa kodi ya fremu inarudi uani. Mama mkwe, aliyetegemewa kuamua, amesema yeye hana upande, ila ametuma komeo la mlango kwa basi. La chuma, zito. Jamaa amelifunga kwenye mlango wa chumba cha mtoto, kwa ndani, chini kidogo ili Junior akikua alifikie. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ndoo ya tatu iko kwenye beseni sasa hivi, ile ya kveik.

Wadau, hapo mke anazidisha au jamaa ndiye hasikii? Na kama na wewe umeanza kupika kwako, ulianza na chombo gani na kilikugharimu kiasi gani? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.